Saa za Mama Geti

Lori la tani thelathini lilikuwa likisimama kwa sababu ya shikamoo. Nimeliona kwa macho yangu, wala si mara moja. Dereva kanawa uso, kanywa chai, karatasi zake zote anazo mkononi, injini inanguruma, na mbele yake geti limefungwa kwa sababu mama aliyekaa kwenye kibanda hajasalimiwa. Hapigi kelele, hanuni. Anafungua daftari lake, anageuza kurasa polepole, mpaka dereva anakumbuka kwamba pale kuna binadamu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, umeamkaje? Na nyumbani hawajambo?" Ndipo kalamu inashuka kwenye karatasi na geti linafunguliwa.

Sisi tulimwita Mama Geti. Jina lake nalijua ila silitaji, kwanza kwa kuwa yuko hai na akikasirika ana maneno, pili kwa kuwa Tunduma nzima ilimjua kwa geti lake. Lilikuwa geti la yadi ya malori ya kampuni moja iliyopeleka mizigo Zambia na Kongo na kurudi na shaba. Kazi yake ilikuwa kuandika kila gari linaloingia na linalotoka: namba, dereva, mzigo, saa. Aliianza kazi hiyo yadi ilipofunguliwa, geti likiwa bado kamba iliyofungwa kwenye nguzo mbili. Mimi nilipofika miaka mingi baadaye, geti lilikuwa la chuma lenye magurudumu, kibanda kilikuwa cha matofali, na yeye alikuwa palepale.

Mimi ni mtoto wa Ihanda, Mnyiha halisi, na wakati huo nilikuwa nimetoka chuo cha kompyuta Mbeya na cheti changu kwenye bahasha ya kaki. Niliajiriwa kwa mkataba mfupi ili yadi iingie kwenye kitu ambacho Dar es Salaam walikiita mfumo. Kabla yangu, taarifa za magari zilipelekwa makao makuu kwa faksi, na faksi ikigoma zilifungwa kwenye bahasha na kupewa kondakta wa basi. Mfumo ungemaliza hayo yote. Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote, na nilikuwa na miaka ishirini na mbili, umri ambao mtu akishajua kuwasha kompyuta anadhani ameshaijua dunia.

Usidhani Mama Geti alikuwa bibi wa kukaa kimya na kutoa busara. Hapana kabisa. Alikuwa mbishi, alikuwa mjuaji, na mambo yake mwenyewe alikuwa akiyapinga mwenyewe. Alipiga marufuku kula getini, kwa tangazo aliloliandika kwa mkono wake kwa herufi kubwa, na chini ya tangazo hilohilo ndipo alipokaa akitafuna mahindi ya kuchoma. Alikuwa akisema hapendi kusikia habari za watu, halafu anavuta kiti karibu. Alidai umri wake ni arobaini na tisa mwaka ule nilipofika, na arobaini na tisa mwaka uliofuata, na nilipoondoka Tunduma nadhani alikuwa amebaki hapohapo.

Kiswahili chake kilikuwa cha milimani, cha mtu aliyekulia Ibaba kule Ileje akizungumza Kindali, kinapanda na kushuka. Madereva wa Kizambia aliwapokea kwa lugha yao. "Mwashibukeni mukwai!" anawaambia asubuhi, nao wanacheka kwa furaha, maana hakuna aliyetegemea kuamkiwa Kibemba na mama wa Kindali kwenye kibanda cha Tanzania. Kuamkia alijua. Kushukuru ndiko kulikomshinda. Ukimletea chochote, hata mwamvuli wakati wa mvua, alisema "Haya" basi, na yameisha.

Mtu aliyegombana naye zaidi alikuwa Salehe, dereva wetu wa kutoka Tanga, mwembamba, mcheshi, mvaaji wa kanzu safi kila Ijumaa hata kama lori lake lina matope hadi kwenye vioo. Waligombana kuhusu mahali pa kuegesha, kuhusu honi, kuhusu nani kaanza kumsalimia nani. Lakini mwezi wa Ramadhani ukiingia, Mama Geti alibeba kikombe chake na kwenda kunywa chai nyuma ya tangi la maji, huko ambako Salehe hamwoni. Salehe akamwambia, "Mama, kunywa tu, mimi sijali, imani yangu haidondoki kwa harufu ya chai." Akajibiwa, "Nani kakwambia nakunywa chai? Nimekwenda kuangalia koki." Aliiangalia koki ile mwezi mzima.

Sasa nifike kwenye daftari, maana huwezi kumweleza Mama Geti bila daftari lake. Lilikuwa kaunta buku nene lenye jalada gumu, na likijaa alifungua jipya na la zamani akalipanga kabatini kwa mpangilio. Hakuna aliyeruhusiwa kuandika humo, hata meneja. Kurasa za mwisho aliziazima kwa kazi zake binafsi: noti za sauti ya pili za kwaya ya kanisani kwao. Zilizobaki zote zilikuwa za magari.

Alikuwa ameichora mistari mwenyewe kwa rula, na mwisho wa kila mstari aliacha nafasi pana kuliko zote, ambayo hakuipa kichwa. Humo aliandika alichokiona. Mstari mmoja ungeweza kusema: saa moja na dakika ishirini, ukungu bado, dereva kavaa koti la mkewe. Mwingine: saa tatu, mama wa maharage amepita na magunia sita kutoka Ibaba, anasema kwetu mvua imeharibu barabara. Mwingine: saa kumi na moja, dereva hana furaha, nimemuuliza hakusema. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, alinitazama kama niliyeuliza kwa nini anavaa viatu.

"Sasa nikiandika saa tu, kesho mtu akiniuliza nitamwambia nini? Saa ni namba. Mimi nataka niikumbuke siku yenyewe."

Na saa zenyewe, pale Tunduma, zilikuwa na vituko vyake. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza: saa moja, saa mbili, saa tatu. Hiyo ni ya nyumbani, na ndiyo aliyoiandika. Ukivuka barabara tu uko Nakonde, upande wa Zambia, na kule saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Kampuni ilikuwa na kiyadi chake kule, na gari likirudi lilikuja na karatasi yenye saa ya huko. Mama Geti aliiandika kwa hesabu ya kwetu bila kuiongezea ile saa moja, ila pembeni aliweka herufi Z kubwa yenye mkia. Simu zetu za mkononi nazo zilikuwa zikidaka mtandao wa Zambia bila kuomba ruhusa, saa inarudi nyuma yenyewe, na mtu anachelewa kazini akiwa na ushahidi mfukoni kwamba amewahi. Kwa wageni ilikuwa vurugu. Wenyeji walikuwa wameshaizoea, wakaishi nayo bila hata kuitaja.

Kompyuta ilipofika, ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma na kuwekwa kwenye meza ya peke yake ofisini, na kila mtu akaja kuiangalia. Madereva waliiogopa. Iliingia habari kwamba inaweza kuona umelala wapi njiani, kwamba watu watapunguzwa, kwamba mwanamke wa Ihanda kaletwa kuwapeleleza. Mwanamke wa Ihanda ndiye mimi. Wiki ile Salehe aliacha hata kunitania, na nilisikitika sana, kwa kuwa kutaniwa na Salehe ndiyo ilikuwa dalili kwamba wewe ni mtu wa yadi.

Aliyewatuliza ni Mama Geti. Aliwakusanya pale kibandani, akawaambia, "Nyie wanaume wazima mnaogopa nini? Lile ni daftari tu, limewekewa taa." Wakacheka, na kicheko kile kilinifaa kuliko semina ambayo makao makuu walitutumia kwenye karatasi. Kuanzia siku ile dereva akiingia ofisini anauliza, "Daftari lenye taa linasemaje leo?" Meneja wa yadi, mtu mpole aliyependa kazi iende bila makelele, alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi.

Kila siku saa kumi jioni Mama Geti alikuja na kaunta buku lake kifuani, akaliweka mezani na kusema, "Haya, mpe chakula chake." Halafu anakaa. Hakuondoka. Anavuta kiti, anaweka miwani, anaangalia vidole vyangu na anaangalia kioo cha kompyuta, na mimi nabofya. Nilijivunia sana kuangaliwa. Wakati mwingine aliuliza hiki ni nini na kile ni nini, na mimi namweleza kwa sauti ya ualimu ambayo leo nikiikumbuka natamani kujificha chini ya meza.

Chuoni tulifundishwa kunakili. Mwalimu wetu alikuwa akitupa kurasa za kuchapa, na ukibadilisha hata nukta moja unarudia ukurasa mzima. Basi mimi nilinakili. Daftari linasema saa nne na dakika ishirini, naandika nne na ishirini. Linasema saa mbili kamili, naandika mbili kamili. Ile Z yenye mkia haikuwa na pa kuwekwa, nikaiacha. Yale maneno yake ya mwishoni, ukungu na koti la mkewe na mama wa maharage, hayakuwa na kisanduku chake kwenye mfumo, nikayaacha pia. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Ilipokea kila kitu, na kila jioni ripoti iliondoka kwa waya wa simu kwenda Dar, nami nikafunika mashine kitambaa chake na kwenda zangu nyumbani.

Umeshaona nilichokifanya? Mimi sikuona. Kwa kompyuta, nne na dakika ishirini si saa nne yetu ya asubuhi. Kwa kompyuta hiyo ni alfajiri, giza totoro, saa kumi na dakika ishirini kwa Kiswahili. Asubuhi nzima ya yadi yetu, ile ya chai na ukungu na shikamoo, nilikuwa naipeleka Dar ikiwa usiku wa manane. Na magari yaliyokwenda Nakonde, kwa ile saa ya Zambia niliyoivua Z yake, mengine yalifika kule kabla hayajatoka kwetu.

Wiki ya saba ikaja barua. Ilikuwa Jumatatu. Meneja alituita mimi na Mama Geti ofisini kwake, akafunga mlango, na uso wake ulikuwa umebadilika. Kampuni ilikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mjadala: hakuna gari kutoka yadi usiku, kwa sababu ya ajali na kwa sababu ya mafuta yanayonyonywa kwenye matangi gizani. Sasa makao makuu walikuwa wamesoma ripoti zetu na kukuta geti la Tunduma linafunguliwa usiku karibu kila siku. Dereva aliyeonekana zaidi ni Salehe. Na mwenye ufunguo wa geti alikuwa mmoja tu. Mkaguzi angefika Alhamisi, na yakithibitika, Mama Geti aachishwe kazi na apelekwe polisi.

Meneja aliposoma "saa tisa usiku, saa kumi alfajiri", nilielewa palepale. Sikuhitaji hata kwenda kuangalia. Niliiona ile nne na ishirini mbele ya macho yangu kama imeandikwa ukutani.

Na sikusema kitu.

Nitajitetea kidogo, kisha niache. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nilikuwa mtoto wa kwanza nyumbani kushika kompyuta, na baba yangu alikuwa ameshawatangazia watu Ihanda nzima. Nikajiambia kesho nitasema. Jumanne nikajiambia ngoja kwanza nijiridhishe. Jumatano nikajiambia labda mkaguzi ataona mwenyewe. Mtu mwoga hakosi kazi ya kufanya.

Mama Geti hakulia. Aliendelea kukaa kibandani na kusalimiwa. Ila Jumatano mchana nilimkuta amesimama mbele ya kabati la madaftari ya zamani, mkono juu ya mgongo wa daftari moja, hajalitoa. Akaniambia bila kugeuka, "Binti, kazi mtu anaweza kuacha. Mimi hata leo naacha. Lakini nikirudi Ibaba na jina la wizi, kanisani nitasimama mstari gani? Sauti ya pili nitaimba na nani?" Nilisema pole mama. Ndiyo yote niliyosema, pole mama, na nikaenda chooni kukaa.

Alhamisi mkaguzi alifika. Nilitegemea jitu la kutisha, kumbe kijana mstaarabu wa miaka thelathini na kitu, ana faili lake na kalamu mbili. Tulikaa ofisini: yeye, meneja, Mama Geti, Salehe aliyeitwa kama shahidi ambaye pia ni mtuhumiwa, na mimi mbele ya kompyuta.

Alianza na Salehe. "Siku hii hapa, ulitoka yadi saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Mimi? Alfajiri?" Salehe akashika kifua. "Bwana mkubwa, saa hiyo mimi nakoroma. Muulize jirani yangu, alishanipeleka kwa mjumbe kwa sababu ya kukoroma."

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi akamgeukia Mama Geti, akamuuliza kwa heshima kama ana la kusema. Mama Geti akasema anaomba asome daftari lake. Mkaguzi akasema, "Mama, ripoti imetoka kwenye daftari hilohilo, hakuna haja." Akajibiwa, "Nisome tu baba. Nimepanda ngazi hizi kwa ajili hiyo."

Akavaa miwani. Akalamba kidole, akafungua, akatafuta tarehe. Alisoma kwa ile sauti yake ya kupanda na kushuka. "Saa nne na dakika ishirini. Salehe. Mzigo saruji. Lori limezimika katikati ya geti. Watoto wa shule wako mapumziko, wamepanga mstari ukutani wanamzomea. Yeye anawarushia pipi."

Mkaguzi akaacha kuandika. Nje malori yalikuwa yanapita.

"Watoto wa shule," mkaguzi akasema taratibu. "Saa kumi alfajiri?"

"Watoto wa wapi hao wa alfajiri?" Salehe akadakia. "Nakumbuka mimi! Walinimalizia pakiti nzima!"

Mama Geti akageuza ukurasa, akaendelea kusoma, hakuwa na haraka. Saa tatu, mama wa maharage. Saa mbili na nusu, jua kali, nimehamisha kiti. Saa moja na dakika ishirini, ukungu, koti la mkewe. Mkaguzi alisimama, akaja nyuma yangu, akainama kwenye kioo cha kompyuta. Akaangalia namba. Akaangalia saa yake ya mkononi. Nilimsikia akivuta pumzi, halafu akasema kwa sauti ndogo, kama anajisemesha, "Lahaula. Saa za Kiswahili." Kisha akauliza, "Sasa hapa nani amekosea?"

Nikajifanya nafuta vumbi kwenye kompyuta.

"Tulikosea," akasema Mama Geti. "Sisi hapa."

Hapo ndipo nilipoweza. Nikasimama, nikasema ni mimi niliyechapa, nilinakili saa kama zilivyo, na ile Z niliiacha, na maneno niliyaacha. Niliongea mpaka nikalia. Mkaguzi hakunigombeza. Aliuliza Z ni nini, na Mama Geti akamweleza habari ya saa ya Zambia, na yule bwana akaketi upya, akachukua kalamu ya pili, na tukakaa pale mpaka jioni. Niligundua kitu kimoja siku ile: kwamba jamaa waliotengeneza mfumo hawakuwahi kufikiria mahali ambapo barabara moja ina saa mbili. Wangefikiriaje? Hawakuwahi kukaa getini.

Mkataba wangu uliongezwa. Mfumo uliongezewa kisanduku cha kuchagua asubuhi, mchana, jioni au usiku, kingine cha Tanzania au Zambia, na kimoja kirefu cha mwisho ambacho mafundi wa Dar walikipa jina la maelezo. Pale yadi kila mtu alikiita chumba cha Mama Geti. Baadaye yadi nyingine za kampuni nazo zilipewa. Niliambiwa kwamba yadi moja kubwa waligundua tairi bovu lililokuwa linauzwa kwa kampuni mara mbilimbili, kwa sababu karani wa geti alikuwa ameandika kwenye chumba hicho kwamba tairi lina kiraka chekundu kama la jana.

Na yeye? Alijifunza kuchapa. Kwa kidole kimoja, cha shahada, akikipiga kibonye kama anayeua mdudu. Madereva wapya walipokuja na uoga wao, aliwapokea yeye. Alisimama getini akawauliza, baada ya salamu bila shaka, "Saa ngapi, na ya wapi?" Kwa mwaka mmoja hakuna gari lililofika kabla ya kutoka.

Siku hizi naalikwa kwenye semina za mabadiliko ya kidijitali. Ndiyo kazi yangu, nasimamia mifumo ya yadi kadhaa, nina kadi ya kuning'iniza shingoni. Anasimama mtaalamu, anaonyesha mishale ukutani: hapa teknolojia, hapa watu, hapa mafanikio. Mishale imenyooka vizuri. Mimi nakaa nyuma na soda yangu, nafikiria mama mmoja anayesoma habari za pipi mbele ya mkaguzi. Nikipewa nafasi ya kuongea naisimulia habari hiyo, na nikifika pale aliposema "tulikosea" sauti yangu hubadilika. Nawaambia: alikuwa anafukuzwa kwa kosa langu, na akalichukua akaligawa mara mbili ili nisilibebe peke yangu. Watu hupiga makofi. Wengine hufuta macho.

Mara ya mwisho kumwona alikuwa ameshastaafu na kurudi Ibaba. Nilikuwa na safari ya kikazi Tunduma, nikaomba gari siku moja, nikapanda Ileje. Barabara ilikuwa tope tupu, na milima imevaa ukungu hadi kiunoni. Nilimkuta kibarazani na ungo wa maharage mapajani, amenenepa kidogo, shali mabegani. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza nyumbani, akauliza kazi, akauliza Salehe, ambaye sasa ana lori lake mwenyewe. Nikampa sukari na kanga. "Haya," akasema. Tukala viazi na chai ya maziwa, na alinieleza kwa kirefu jinsi kwaya ilivyoharibika kwa sababu ya kinanda cha umeme, na jinsi yeye ndiye aliyesimamia kukinunua.

Nilikuwa na kitu moyoni ambacho nilikuwa sijakisema kwa mtu yeyote, hata kwenye semina. Nikaona kama si leo basi sitakisema.

"Mama, ile barua ilipokuja Jumatatu, mimi nilijua palepale. Nilijua kosa ni la saa, na ni langu. Nikakaa kimya hadi Alhamisi. Nilikuona unateseka siku tatu na nikanyamaza."

Aliendelea kuchambua maharage. Akatupa kijiwe uani.

"Ndiyo hicho tu?"

"Ndiyo mama. Naomba unisamehe."

"Mimi nilijua wiki ya kwanza."

Sikumwelewa. Nikamuuliza alijua nini.

"Kwamba asubuhi yetu unaiandika usiku. Sasa nilikuwa nakaa pembeni yako kila siku nafanya nini? Nina macho. Wazambia wananiambia 'ten hours' kila siku ya Mungu, mimi naigeuza kichwani naandika saa nne. Leo nione sifuri nne kwenye kioo, nishindwe kujua ni alfajiri, giza totoro?"

"Na hukuniambia!"

"Sikukuambia." Aliweka ungo chini. "Nilitaka mashine yako iumbuke. Nikasema, mwache aijaze, mwache aijaze, siku moja watu wa Dar wataisoma, wataicheka, wataiondoa, na mimi nitabaki na daftari langu. Kumbe wa kuumbuka nilikuwa mimi. Barua ilipokuja nikasema Yesu wangu, shimo nimejichimbia mwenyewe. Na nikaona aibu kusema."

Kwa dakika nzima nilikuwa na hasira ya kweli, hasira ya kutaka kuchukua kanga yangu nikaondoka. Miaka yote ile! Halafu nikamwona anaziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika, na mimi nikashindwa. Tulicheka hadi jirani akachungulia kujua kuna nini. Kila tukitaka kunyamaza, mmoja anasema "giza totoro" na tunaanza upya.

Nilipofuta machozi nikamuuliza lile lililobaki. "Sasa mama, mbona mbele ya mkaguzi ulisema tulikosea? Mimi nimewasimulia watu kila mahali kwamba ulinifichia aibu yangu."

Akaniangalia kwa mshangao kabisa, kisha akaurudisha ungo mapajani.

"Nikufichie nini, binti? Aliuliza nani amekosea, nikamjibu."